Kizuizi cha mtoto: kipimo kwanza, bei baadaye

Mtoto anayetambaa hajui kwamba sakafu inaishia kwenye ngazi, wala kwamba babula yenye makala inaunguza. Ndiyo sababu kuna wazazi wanaoweka kizuizi kwenye mlango wa jiko au juu ya ngazi. Wengine wananunua dukani, wengine wanamwendea seremala wa mtaa. Bei inajadiliwa sana. Swali la nguvu ya kizuizi chenyewe linasahaulika.

Nchini Marekani, jibu limewekwa katika sheria. Zamani kanuni za vizuizi na nyuzio za kuchezea watoto zilikuwa za hiari. Mwaka 2020, tume ya usalama wa bidhaa, CPSC, ilizifanya kuwa za lazima, nazo zikaanza kutumika Julai 2021. Zinahusu watoto wa miezi 6 hadi 24. Kimo cha kizuizi kisipungue sentimita 56. Kikisukumwe sehemu tano kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 13 na nusu hivi, kisitoke mahali pake. Matundu yasipitishe kiwiliwili cha mtoto.

Kanuni hizo zimetokana na misiba. Vizuizi vya zamani vya kukunjua, vyenye matundu makubwa ya mshazari na ncha za V upande wa juu, vilinasa watoto shingo. Viliacha kutengenezwa huko tangu mwaka 1985.

Je, Kongo inahusika? Ndiyo. Bidhaa zinazoingia kupitia Kasindi au Kasumbalesa zinatoka viwanda vingi, na si kila kiwanda kinafuata kanuni za soko la Marekani au la Ulaya. Kizuizi kilichokwisha tumika kinaweza kufika bila skrubu na bila karatasi ya maelezo. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ina kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia. Wazazi wana haki ya kuelezwa waziwazi ni kipimo gani inachotumia kwa vifaa vya watoto, na wafanyabiashara wana haki ya kukijua kabla ya kuagiza mali.

Lakini mtoto hangoji tangazo la ofisi. Seremala na fundi wa kuchomea vyuma wanaweza kuanza leo, kwa maana kazi hii inahitaji mita tu. Fito zisimame wima, kwa sababu zikilala mtoto atazipanda kama ngazi. Nafasi kati ya fito, na ile ya chini karibu na sakafu, ibaki chini ya sentimita 7. Juu ya ngazi, kizuizi kifungwe kwa skrubu ukutani, kisibanwe tu, na mlango wake usifungukie upande wa ngazi. Kisha fundi akisukume kwa nguvu mbele ya mzazi kabla ya kupokea pesa. Siku mtoto atakapoweza kukipanda, kiondolewe.

Mahali pasipo na kizuizi, mama hambandui mtoto machoni. Penye kizuizi, anageuka kusonga ugali akiwa na imani. Imani hiyo ndiyo anayoinunua. Anayemuuzia kizuizi kisichoshika anamuuzia hatari ambayo hataiona inapokuja.