Mwanga Kwanza, Kamera Baadaye

Miongoni mwa zana zinazopita mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi, kamera ni mojawapo ya zile zinazotumiwa sana na kueleweka kidogo. Zamani ilikuwa chombo cha mpiga picha wa mjini. Leo imo ndani ya simu, na mwalimu mwanafunzi huingia nayo chuoni mfukoni. Hata hivyo, akiulizwa kwa nini picha moja imetoka nyeupe kama karatasi na nyingine nyeusi kama chungu, aghalabu hujibu kwamba kamera ni mbovu. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi kosa si la kamera, bali ni la utaratibu wetu wa kufundisha. Tunaanza na chombo na majina ya sehemu zake, ilhali ingetupasa kuanza na mwanga.

Kukariri majina hakutoshi

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, nimeona mara nyingi somo la mwanga likiendeshwa hivi: mwalimu huchora kamera ubaoni, huandika majina ya sehemu zake, wanafunzi huyanakili, kisha hukariri kwa pamoja kwamba mwanga husafiri katika mstari ulionyooka. Kipindi huisha bila mtoto hata mmoja kuuona mwanga ukifanya kazi. Miaka elfu moja hivi iliyopita, Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, alichunguza mwanga unaopenya katika tundu na kuingia mahali penye giza. Hakuwa na filamu wala simu. Nasi tunaweza kuanza bila vitu hivyo.

Chukua kopo tupu la maziwa ya unga. Toboa kitako chake katikati kwa ncha ya msumari mwembamba. Mdomo wa kopo uufunike kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, uikaze kwa uzi. Mwanafunzi ajifunike blanketi kichwani pamoja na upande wa kopo wenye karatasi, huku akielekeza tundu kwenye mti au jengo linalopigwa na jua. Baada ya macho yake kuzoea giza ataona mti umesimama kichwa chini, matawi yakiwa chini na shina juu. Usimweleze sababu upesi. Mwache achore mstari kutoka kileleni mwa mti kupitia tunduni hadi kwenye karatasi, naye atagundua mwenyewe kwamba mwanga ulionyooka hauna njia nyingine. Onyo moja lizingatiwe: mtoto yeyote asielekeze tundu wala lenzi kwenye jua lenyewe na kulitazama.

Kisha uliza: tukilipanua tundu, itakuwaje? Wengi watasema taswira itakuwa bora. Lipanue, waone kwamba inang'aa zaidi lakini kingo zake zimefifia. Hapo ndipo haja ya lenzi inapozaliwa darasani: lenzi huruhusu tundu pana liingize mwanga mwingi bila kupoteza kingo za kitu kilicholengwa. Mtoto aliyefika hapo hatalisahau neno lenzi, kwa kuwa amelihitaji kabla ya kuandikiwa.

Kibaba cha mwanga

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Filamu, au kipokea mwanga kilichomo ndani ya simu, ni kibaba cha namna hiyo. Kikijaa kiasi, picha hutoka vizuri; kikifurika, huwa nyeupe; kikipungua, huwa nyeusi. Mambo matatu hutawala ujazo huo. La kwanza ni upana wa tundu, mfano wa mdomo wa bomba. La pili ni muda ambao kilango cha kamera huachwa wazi. La tatu ni wepesi wa filamu kupokea mwanga, unaoandikwa kwa namba za ISO: filamu ya 400 huhitaji robo tu ya mwanga unaohitajiwa na filamu ya 100, kama kibaba kidogo kinavyojaa upesi. Lakini wepesi nao una gharama yake, kwa maana picha huanza kuwa na chenga.

Ili muda ueleweke, watajie wanafunzi Mfaransa Niépce. Mnamo 1826 au 1827 alipiga picha kutoka dirishani mwa nyumba yake, na muda aliouhitaji ulikuwa mrefu hata jua likaonekana limeangaza kuta za pande zote mbili za ua. Leo sehemu ndogo ya sekunde inatosha.

Hapa Sayansi hukutana na Hisabati. Katika jua kali la mchana, kanuni ya siku nyingi ya wapiga picha ni tundu namba 16, na muda unaokaribiana na sehemu moja ya namba ya wepesi: kwa filamu ya ISO 100, sekunde 1/125. Tundu namba 11 huingiza mwanga maradufu ya namba 16, kwa hiyo muda upunguzwe nusu, uwe 1/250. Namba 8 huongeza maradufu tena, na muda huwa 1/500. Vipimo vyote vitatu hujaza kibaba kilekile. Tofauti imo katika matumizi. Watoto wanaokimbiza mpira huhitaji 1/500 ili miguu yao isififie. Darasa lililopangwa safu tatu huhitaji namba 16 ili safu zote zionekane dhahiri.

Wanafunzi watashangaa kwamba namba kubwa ni tundu dogo. Mshangao huo ni mali ya mwalimu. Lenzi ya milimita 50 ikigawanywa kwa 8 hutoa tundu lenye upana wa milimita 6 hivi. Ikigawanywa kwa 16, milimita 3 hivi. Mtoto anayeamini kwamba 1/500 ni kubwa kuliko 1/125, kwa sababu 500 ni kubwa kuliko 125, atasahihishwa na picha yenyewe.

Nyuso za wanafunzi wetu

Baadhi ya wenzangu watasema kwamba simu hupima yote yenyewe, hivyo elimu hii imepitwa na wakati. Siafikiani nao. Kipima mwanga cha kamera hakijui kilichoko mbele yake. Kimsingi kimetengenezwa kikidhani kwamba mandhari hurudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga, yaani rangi ya kijivu. Sasa wapange wanafunzi waliovaa mashati meupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, saa sita mchana. Kipima huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na nyuso za watoto huzama gizani. Simu nyingi za sasa hujaribu kuzitafuta nyuso, lakini nazo hukosea.

Wala kipimo cha picha iliyo sahihi hakikuwekwa kwa kututazama sisi. Kwa miaka mingi katika karne ya 20, kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa mizani. Mwalimu asiyeelewa mwanga huirithi mizani hiyo bila kujua.

Jambo hili si dogo. Kwa mtoto wa kijijini, huenda picha ya darasa la saba ndiyo pekee ya utoto wake itakayobaki nyumbani. Si haki mama amtambue mwanawe kwa shati na mahali aliposimama tu, huku macho na tabasamu vimefutika. Mwalimu aliyejifunza mwanga atawahamishia watoto kwenye kivuli cha mwembe, waelekee upande wenye mwanga, pasiwe na anga nyeupe nyuma yao. Atapima mwanga kwenye uso, si kwenye shati. Katika simu nyingi, kuugusa uso huo kiooni hutosha. Picha ikiwa bado nyeusi, ataongeza mwanga maradufu.

Mapendekezo

Sipendekezi somo jipya, kwani vipindi vimejaa. Napendekeza kila mwalimu mwanafunzi atengeneze kopo lake kabla ya kwenda kufundisha, alitumie katika somo la mwanga na katika sehemu za Hisabati. Napendekeza pia kwamba vyuo vimpime kwa kazi mbili: aeleze kwa nini picha fulani imeharibika, kisha apige picha ya kundi la wanafunzi ambamo kila uso unatambulika. Kopo halina gharama, na jua tunalo tele. Kinachobaki ni sisi wakufunzi kuacha kuuliza majina ya sehemu za kamera, tukaanza kuuliza mwanga umefika wapi.