Mezani Mbotela: cha kuonja, cha kuuliza na cha kuacha



Ndugu wasomaji, mama zetu na dada zetu, likizo za shule zikikaribia, tikiti za treni ya Mombasa kwenda Nairobi huwa hazipatikani kwa urahisi. Tangu reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017, safari iliyokuwa ya usiku kucha imekuwa ya saa chache, na kila familia ina mtu wa kumtembelea huko bara: mwana aliyepata kazi, binti aliyeolewa, au mgonjwa aliyepelekwa hospitali kubwa. Wengi wa jamaa hao hawaishi katika mitaa ya kifahari. Wamepanga nyumba Eastlands, katika mitaa kama Mbotela, karibu na Makongeni na Maringo, ambako nyumba zimekaribiana na harufu ya chungu cha jirani huingia bila hodi.

Msafiri wa kwetu akifika huko, mara nyingi huangukia upande mmoja kati ya pande mbili. Wako wanaobeba pilau, mahamri na samaki wa kukaanga kutoka nyumbani, wakakaa juma zima bila kuonja chochote cha mwenyeji, kana kwamba kila sufuria ya bara imeharamishwa. Na wako, hasa vijana, wanaokula kila kinachonukia barabarani bila kuuliza. Wa kwanza humvunja moyo jirani, na wa pili huivunja dini yake kwa tumbo. Makala ya juma hili yanatafuta njia ya katikati.

Njia hiyo si ngeni kwa Waislamu wa nchi nyingine. Huko Thailand, nchi ya Mabuddha wengi, mgeni huambiwa asiondoke kabla ya kuonja mchuzi uitwao massaman, wenye nazi, viazi, karanga, mdalasini na iliki. Wengi huamini kuwa jina hilo limetokana na neno "Muislamu", kwa kuwa mchuzi huo ulifika huko pamoja na wafanyabiashara wa dini yetu. Waislamu hao walikaa kati ya watu wengine, wakalinda mipaka yao, na sahani yao ikapendwa na nchi nzima. Nasi tunaweza kukaa hivyo Nairobi.

Hata jina la mtaa wenyewe linatuhusu. Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Jina hilo si geni Pwani. James Mbotela ndiye mwandishi wa kitabu Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934, kinachohusu watu waliookolewa utumwani na kupewa makazi Freretown, Mombasa. Na ni nani kati yetu asiyeikumbuka sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuuliza redioni kwa miaka mingi, "Je, Huu ni Ungwana?" Swali hilo linafaa sana kuulizwa mezani.

Cha kuonja

Tuanze na githeri, chakula cha Wakikuyu ambacho sasa ni cha kila kabila. Ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa mpaka yakalainika, kisha yakaungwa kwa kitunguu na nyanya, pengine pamoja na viazi na karoti. Wazee wetu walikijua kwa jina la pure, kwa hiyo mgeni asijifanye hajawahi kukiona. Huliwa na parachichi lililoiva vizuri. Wakamba nao wana muthokoi, ambao mahindi yake hukobolewa kwanza ganda la nje, na kwa hiyo ni laini zaidi kwa wazee na watoto.

Chakula cha pili ni mukimo: viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi mabichi au njegere na majani ya mboga, mara nyingi ya maboga, mpaka vyote vikawa rangi ya kijani. Huu ni mlo wa sherehe, na ukiwekewa mukimo ujue umeheshimiwa.

Tatu ni mboga za kienyeji. Pamoja na sukuma wiki inayoliwa na ugali karibu kila jioni, jaribuni managu, ambayo ni mnavu wetu. Kwetu huungwa kwa tui la nazi, na huko huungwa kwa maziwa au malai. Watu wa magharibi ya Kenya hupika pia mrenda unaoteleza na kunde. Mama mwenye busara atauliza namna ya kuondoa uchungu wa mnavu, na hapo mazungumzo ya jikoni yatafunguka.

Nne ni samaki wa Ziwa Viktoria: ngege, mbuta, na omena, dagaa wadogo wanaooshwa kwa maji ya moto na kukaangwa kwa kitunguu na nyanya. Samaki hahitaji kuchinjwa, na kwa hiyo humwondolea msafiri shaka ya kisu.

Mwisho ni chapati na maharagwe, ambayo vijana wa Nairobi huita chapo madondo. Mama akiona wanawe wamesahau biriani kwa ajili ya sahani hii ya kibandani, asikasirike. Ni chakula safi, cha bei nafuu na chenye kushibisha.

Cha kuuliza

Nyama choma ndiyo fahari ya Nairobi, na huliwa kwa ugali na kachumbari. Hapa swali ni la machinjo. Eastlands hakukosi buchari za Waislamu, na Kiamaiko, karibu na Huruma, pamejulikana kwa miaka mingi kwa machinjo ya mbuzi yanayoendeshwa kwa wingi na Waislamu kutoka kaskazini mwa Kenya. Mjue muuzaji na chanzo cha nyama yake, kisha tulieni. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba watu walimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu nyama waliyoletewa na watu waliosilimu karibuni, wasijue kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Aliwaelekeza walitaje wao wenyewe, kisha wale. Tunajifunza kwamba Muislamu mwenzako huhojiwi kama mshitakiwa.

Soseji ndogo ziitwazo smoki, zinazouzwa kwenye vigari zikiwa zimepasuliwa na kutiwa kachumbari, zinahitaji uangalifu zaidi, kwani ziko za ng'ombe na ziko za nguruwe. Mwombeni muuzaji awaonyeshe pakiti, mtazame alama ya halali na aina ya nyama. Asipokuwa nayo, nunueni mayai ya kuchemsha ambayo kwa kawaida huwa kwenye kigari hicho hicho.

Viazi karai, bhajia na mandazi havina tatizo kwa asili yake. Swali ni la mafuta: je, yamekaangiwa pia soseji? Ulizeni kwa upole, na kabla ya kulipa.

Cha kuacha

Kisha kuna mutura. Jioni ikiingia, moshi wake huvuta watu pembeni mwa barabara kila mtaa. Ni utumbo uliojazwa nyama iliyokatwakatwa, viungo na damu, ukachemshwa na kuchomwa juu ya makaa. Damu hiyo ndiyo hoja. Qur'ani imeharamisha damu katika Suratul Maida, na Suratul An'am ikabainisha kuwa ni ile iliyomwagika. Kwa hiyo hata kama mbuzi alichinjwa na Muislamu kwa sheria zote, damu iliyokingwa na kurudishwa ndani ya utumbo haigeuki kuwa halali. Kijana anayejitetea kwa kusema "mwenye duka ni Muislamu" aelezwe jambo hili kwa utulivu, kwani wengi hawajui kilichomo.

Ungwana wa kukataa

Kujua cha kuacha ni jambo jepesi kuliko kujua namna ya kukiacha. Jirani wa Mbotela anayekuletea sahani iliyofunikwa kwa kitambaa huenda hajui mipaka yetu, wala hana nia mbaya. Ukikunja uso mbele ya mtoto wake aliyetumwa, maneno yatafika nyumbani kabla ya sahani. Tena wewe utarudi Mombasa, Malindi au Lamu baada ya juma moja, lakini binti yako atabaki hapo, na jirani huyo ndiye atakayemwangalia mtoto wake akiugua usiku. Uhusiano uliouchafua siku mbili ataulipia yeye mwaka mzima.

Mtume wetu hakuwa akikitia kasoro chakula: alipokipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Basi sema neno moja la shukrani na moja la ukweli: "Ahsante mama, Mungu akubariki. Sisi damu hatuli kwa dini yetu, lakini githeri yako tumeisikia sifa zake." Mtu aliyeelezwa sababu hakasiriki kama aliyeachwa akikisia. Bora zaidi, mwenyeji wenu awaeleze majirani mapema, kabla wageni hawajashuka kwenye gari.

Na desturi yetu inatufundisha kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Katika hadithi ya Abu Dharr, Mtume alimuusia aongeze maji apikapo mchuzi, awakumbuke majirani zake. Basi lile pilau tulibebalo kutoka Pwani lisiwe ngao ya kutukinga na watu. Liwe zawadi. Mpelekeeni jirani sahani ya kwanza siku mliyofika, hata kabla hajaleta yake. Wapeni mahamri na mbaazi za nazi watoto wa ploti, nao waonje ladha ya iliki ambayo mandazi yao hayana. Wazazi wao watauliza yamepikwaje, nanyi mtauliza siri ya mukimo.

Nasaha ya mwisho ni kwa akina mama wanaosafiri na watoto. Wafundisheni maswali matatu kabla ya safari: hii ni nyama gani, imechinjwa na nani, imekaangwa kwa mafuta gani. Mtoto anayejua kuuliza kwa adabu hahitaji kuzuiwa kila kigari, na hatakuwa na haya ya dini yake mbele ya binamu zake wa Nairobi.

Mwenyezi Mungu awajaalie safari njema na riziki ya halali. Tukutane juma lijalo, inshaallah.