AFYA YA NYUMBA: Habari za Kutokwa na Mjiko

Maradhi ya mwezi huu watu huyaficha hata kwa wana wao wenyewe, na kwa sababu hiyo wengi huteseka miaka mingi bure. Mjiko ni sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa. Nyama zinazoushika zikilegea, hutokea nje mtu aendapo chooni, kama mkono wa kanzu uliopinduliwa. Mwanzo hurudi wenyewe. Baadaye mtu hana budi kuurudisha kwa mkono. Mwisho hutoka hata akisimama. Wengi hudhani ni bawasiri, wakanunua marhamu, isiwafae kitu.

Kwa watoto wadogo neno hili mara nyingi huletwa na kuhara, kufunga choo, utapiamlo au minyoo. Asili yake ikitibiwa, wengi hupona pasipo kisu. Mwalimu asimwaibishe mtoto wa namna hii.

Kwa mtu mzima dawa ya kuumaliza ni kupasuliwa. Wapatwao zaidi ni wanawake wazee, nao si wote waliozaa, ijapokuwa majirani husingizia uzazi. Njia ni mbili. Ya kwanza hupitia tumboni: daktari huuvuta mjiko juu na kuushikiza kwenye mfupa ulio nyuma yake, na siku hizi aweza kufanya hivyo kwa matundu madogo tu. Ya pili hupitia chini, wala tumbo halifunguliwi. Edmond Delorme wa Ufaransa aliueleza mtindo wake mwaka 1900, nao ungali ukitumika, hasa kwa wazee dhaifu.

Je, ugonjwa hurudi? Hapa yapasa kusema kweli. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi ulioitwa PROSPER, ulioongozwa kutoka Uingereza, juu ya wagonjwa 293. Katika watu 99 waliofanyiwa kwa mtindo wa Delorme, 31 walirudiwa. Katika 102 waliofanyiwa kwa mtindo wa Altemeier, ambao hukata sehemu iliyotoka, walirudiwa 24. Hata waliopasuliwa tumboni, wengine walirudiwa. Walakini hali ya wagonjwa, ukiwatazama kwa jumla, ilikuwa njema sana kuliko kwanza.

Tena nguvu ya kuzuia choo hairudi siku moja. Kwa wengi huongezeka kidogo kidogo kwa miezi, na wengine hawaipati yote. Kufunga choo nako kwaweza kubaki, au kuanza upya baada ya kupasuliwa. Mimi naona heri mgonjwa aambiwe haya kabla ya kulala mezani, kuliko kuahidiwa mengi akaja kujiona amedanganywa. Arudipo nyumbani anywe maji, ale mboga na matunda, asijikaze chooni, wala asitwikwe ndoo wala kuni mpaka daktari ampe ruhusa.

Liko jambo lisilongoja: mjiko ukikataa kurudi, ukavimba na kugeuka mweusi, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa ni usiku.