Butembo-Beni: nani anachagua freni za taksi?

Katika maduka ya vipuri ya Butembo, swali la kwanza la mteja ni karibu kila mara lile lile: bei gani? Kwa kitasa cha mlango au taa ya ndani, swali hilo linatosha. Kwa freni halitoshi.

Butembo iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1.700, na Beni iko chini yake kwa mita zaidi ya 500. Kilomita 54 za kati ya miji hii ni za kupanda na kushuka vilima, gari likiwa limejaa watu na mizigo imefungwa juu. Dereva anayekanyaga freni mteremko mzima anazipasha moto. Plaketi za hali ya chini zikishika moto hazishiki tena gurudumu vizuri. Mafuta ya freni nayo huvuta maji kutoka hewani kadiri yanavyozeeka: yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kuvumilia angalau nyuzi 205, lakini yakishavuta maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, mguu unafika chini na gari halisimami. Watengenezaji wengi wanashauri yabadilishwe kila miaka 2. Ni taksi ngapi hapa zinafanyiwa hivyo?

Mara nyingi kosa si la dereva. Mwenye gari ndiye anatoa pesa ya vipuri, naye hasafiri ndani yake. Anataka gari lirudi barabarani kabla ya saa sita ili pesa ya siku isikose. Basi fundi anafunga plaketi zilizotolewa kwenye gari lingine, ao anabadilisha za gurudumu moja na kuacha za upande wa pili. Gari la namna hiyo huvuta upande mmoja dereva akifunga freni ghafla. Plaketi hubadilishwa kushoto na kulia kwa mara moja. Wenye magari wangekaa kiti cha nyuma mpaka Beni hata siku moja, bila shaka hesabu yao ingebadilika.

Vipuri vya okazio si vibaya vyote. Mlango, kioo, hata dinamo iliyotoka Japani inaweza kudumu kuliko mpya ya bei ya chini. Lakini plaketi na mipira ya freni vya okazio viachwe. Hata kwa vipya, sanduku lenye jina la Toyota halithibitishi kitu. Mteja alete kile cha zamani, alinganishe namba na umbo, adai risiti yenye jina la duka.

Kwa barabara ya Beni-Kasindi kuna jambo lingine. Magari yamekwisha kushambuliwa huko na waasi wa ADF, na mkanda wa injini ukikatika porini jioni, abiria hawangoji fundi peke yake.

Juni 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua kazi za kutengeneza barabara za Kasindi-Beni na Beni-Butembo. Barabara nzuri inaleta mwendo wa kasi. Vipuri vingi vinaingia kupitia Kasindi, na kazi ya kukagua ubora wa bidhaa mpakani ni ya OCC. Plaketi zifunguliwe na kupimwa pale, kabla hazijafika dukani Butembo. Wafanyabiashara wanaoleta vipuri vizuri ndio wa kwanza kupata hasara ukaguzi ukiishia kwenye karatasi.