Chambers Bay: uwanja mbovu au vipimo vibovu?

Kuna uwanja mmoja wa gofu huko Marekani ambao watu wanaugombania kama mashabiki wa Simba na Yanga. Unaitwa Chambers Bay. Wapo wanaosema ni kati ya viwanja vizuri kuliko vyote nchini humo, na wapo wanaosema haukustahili kabisa mashindano makubwa. Mimi nadhani pande zote mbili zinapima kitu ambacho siyo cha kwanza kupimwa.

Najua kuna wadau wameshaanza kuguna. Gofu? Mchezo wa wazito? Vumilieni kidogo. Kwetu uwanja wa gofu ulio jirani na bahari kwa kawaida ni mali ya klabu. Mombasa Golf Club ni klabu, Dar es Salaam Gymkhana ni klabu. Klabu ikiwa na nyasi mbovu, hiyo ni shida ya wanachama wake, wakutane wazozane. Chambers Bay ni habari nyingine. Mwenye uwanja ni Kaunti ya Pierce, katika jimbo la Washington. Kwa maneno mengine, mwenye uwanja ni mlipa kodi, hata yule ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu maishani mwake. Hapo ndipo suala la ubora linapoanza kuninogea.

Historia kwa kifupi. Mahali penyewe ni mji wa University Place, kando ya Puget Sound, ule mkono wa bahari unaoingia ndani kutoka Pasifiki. Kwa miaka mingi palikuwa machimbo ya mchanga na kokoto. Kaunti ililinunua eneo hilo mwaka 1992, baadaye ikampa kazi mchoraji wa viwanja Robert Trent Jones Jr. na timu yake, na mwaka 2007 uwanja ukafunguliwa. Ulijengwa kwa zaidi ya dola milioni 20. Kuta za zege za yale machimbo bado zimesimama karibu na shimo la 18, na katika uwanja mzima kuna mti mmoja tu. Februari 2008, kabla uwanja haujatimiza hata mwaka, ikatangazwa kwamba US Open ya mwaka 2015 ingechezwa hapo.

Basi 2015 ikafika, na kelele zikaanza.

Kwa wale wasioujua mchezo huu: shimo limezungukwa na nyasi fupi sana zinazoitwa grini, na hapo mpira unasukumwa taratibu ili uingie. Grini ikiwa na vinundu, mpira unarukaruka na kupotea njia. Sasa Chambers Bay walipanda feskyu, nyasi nyembamba ngumu za viwanja vya pwani ya Uskoti. Zikavamiwa na nyasi nyingine inayostawi sana kwenye hali ya hewa ya pwani ile, jina lake la kisayansi Poa annua. (Ndiyo, poa. Hapana, siyo poa ya mtaani.) Nyasi hizi mbili hazikui kwa mwendo mmoja, kwa hiyo asubuhi grini inaonekana sawa, ikifika jioni ina viraka na vinundu. Henrik Stenson akafananisha kucheza pale na kusukuma mpira juu ya brokoli. Rory McIlroy akasema kwake ilikuwa kama koliflawa. Gary Player, bingwa wa zamani, akaushambulia uwanja wote bila huruma. Jordan Spieth akabeba kombe, baada ya Dustin Johnson kusukuma mara tatu kutoka hatua chache tu kwenye shimo la mwisho.

Kuhusu grini wachezaji walikuwa sahihi, na sioni sababu ya kuwatetea waandaaji. Tatizo langu ni jinsi sisi wa vyombo vya habari tulivyobeba hukumu ile na kuifanya hukumu ya uwanja mzima. Mchezaji wa kulipwa yuko pale wiki moja. Hanunui tiketi ya kuingia, hakai University Place, na Jumatatu ameshapanda ndege. Maoni yake kuhusu nyasi yana uzito mkubwa. Lakini uwanja wa umma hauwezi kupimwa na mgeni wa wiki moja peke yake.

Mimi ningeupima hivi.

Swali la kwanza: asiyecheza anapata nini? Hapa Chambers Bay inafanya vizuri mno. Uwanja uko ndani ya bustani ya umma. Kuna njia ya kutembea inayozunguka eneo lile, unapita huku unaangalia watu wakipiga mipira yao na bahari iko chini yako. Kati ya uwanja na ufuko inapita reli, na kaunti ikajenga daraja la waenda kwa miguu ili watu wavuke hadi majini. Mama anayesukuma kigari cha mtoto na mzee anayetembeza mbwa wake wanafaidi mandhari ileile ambayo mgeni anailipia dola. Wangapi kati yetu tunaona bahari yetu kwa uhuru huo, bila kuulizwa na mlinzi getini tunakwenda kwa nani?

Swali la pili: kosa likionekana, linarekebishwa? Hapa pia nawapa alama. Baada ya mabishano ya miaka kadhaa waliacha kupigana na ile nyasi vamizi. Uwanja ulifungwa majira ya baridi ya 2018 kuingia 2019, grini zote zikatandikwa Poa annua. Wanaocheka wakumbuke kwamba grini za Pebble Beach, uwanja maarufu wa pwani ya California, ni za nyasi hiyohiyo. Mwaka 2022 mashindano ya Marekani ya wanawake wa ridhaa yalifanyika Chambers Bay.

Swali la tatu: mwenye mali anaingia kwa bei gani? Hapa ndipo naanza kukunja uso. Kiangazi, mgeni anatoa zaidi ya dola 200 kucheza mara moja. Mkazi wa kaunti anapunguziwa, lakini hata hiyo bei ya mkazi siyo ya mtu wa kipato cha chini kucheza kila wiki. Tena uwanja umejengwa kwa kutembea, magari madogo ya gofu hayaruhusiwi isipokuwa kwa wenye sababu za kiafya, na vilima vyake havina mchezo. Linganisha na Torrey Pines, uwanja mwingine wa umma juu ya bahari, mali ya jiji la San Diego, ulioandaa US Open mwaka 2008 na 2021. Kule mkazi analipa sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni. Mgeni anamlipia mwenyeji, na sioni ubaya wowote.

Hili la bei mwaka 2015 lilifunikwa kabisa na hadithi za brokoli. Sawa na lile la watazamaji: watu walinunua tiketi halafu kuna sehemu, hasa shimo la 8, ambako hawakuweza kusimama na kuona mchezo kwa sababu ya miteremko. Uwanja wa wananchi, wananchi hawaoni! Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko vinundu kwenye nyasi.

Kwa hiyo ukiniuliza, Chambers Bay ni uwanja mzuri wa umma wenye kasoro moja nzito, na kasoro hiyo iko kwenye bei. Nyasi zimeshashughulikiwa. Bei ni uamuzi wa watu waliochaguliwa kwa kura, na wapiga kura wana haki ya kuwauliza kila mwaka.

Na sisi tuanze kuuliza hivyohivyo. Ukisikia halmashauri yako imepata mradi "wa kiwango cha kimataifa" kwenye ardhi ya umma, iwe bustani, soko au uwanja wa mpira, usitosheke na picha. Uliza mkazi wa mtaa ule ataingia kwa shilingi ngapi, na asiye na shilingi atapita wapi.

Naomba kuwasilisha. Wadau mnasemaje?