STAA KAPIGA PICHA MLANGONI KWA PICASSO, NDANI HAKUINGIA!

Haya jamani, staa mmoja wa kike wa hapa Bongo, jina kapuni, karudi juzi kutoka Barcelona. Siku tano alizokula bata kule zimezaa picha arobaini na ushee. Kuna za bwawa la hoteli na za paella, na nyingine kazipiga pale ufukwe wa Barceloneta na pamba nyeupe kali. Mabegi mapya yamepangwa kitandani kama vile yako mnadani. Hakuna ubaya. Pesa ni yake, likizo ni yake, na tumbo la paella ni lake.

Shida ipo kwenye picha moja tu. Kaegemea ukuta wa mawe kwenye kichochoro chembamba cha zamani, miwani usoni, maelezo ya chini yanahusu viatu. Wanaoijua Barcelona walishtuka. Kichochoro kile ni mtaa wa Montcada, na mlango ulio nyuma ya bega lake ni wa Museu Picasso. Yaani staa wa watu kasimama hatua chache kutoka moja ya hazina kubwa za sanaa duniani, kaigeuza kuwa ukuta wa kuonyeshea viatu, kisha kasepa.

Chini ya picha hiyo shabiki mmoja kijana, ambaye ukurasa wake umejaa michoro ya nyuma za bajaji, akauliza kwa heshima kabisa: dada, uliingia ndani, picha zake zikoje ukiziona kwa macho? Jibu alilopewa lilikuwa la kejeli. Aliambiwa makumbusho ni ya wazee na wanafunzi wa safari za shule, na kwamba watu wa mjini wanaishi, hawaangalii vitu vya kale. Chawa nao wakaingia kazini. Kijana akachambwa umaskini wake, simu yake, hadi bajaji zake. Baada ya saa mbili swali lake halikuonekana tena. Kalifuta mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Kutoingia makumbusho si kosa, maana watu wengi hawaingii na maisha yanaendelea. Kosa ni kumfanya anayetaka kujua aone aibu kwa kutaka kujua.

Sasa kwa faida ya kijana yule, na ya dada mwenyewe kama anasoma, nyuma ya mlango ule kuna hivi.

Museu Picasso ilifunguliwa mwaka 1963 ndani ya majumba ya kale ya mawe, na ina kazi zaidi ya 4,000. Pablo Picasso alizaliwa Málaga mwaka 1881, akahamia Barcelona na wazazi wake mwaka 1895 akiwa na miaka 13. Makumbusho hii imejaa kazi za ujana wake. Kuna picha kubwa ya mgonjwa kitandani, daktari anampima mapigo na mtawa kambeba mtoto. Inaitwa Sayansi na Huruma, ya mwaka 1897. Aliyeichora alikuwa na miaka 15, na aliyekaa kama daktari ili achorwe ni baba yake mzazi. Kijana wa miaka 15! Hebu fikiria mtu anayechora bajaji kwa rangi za kuungaunga akisimama mbele ya picha ile, akajua kwamba hata Picasso alianza kwa kuchora watu wa nyumbani kwake.

Kisha kuna chumba ambacho wasanii wa muziki wa hapa wangepaswa kupelekwa kwa basi. Mwaka 1957 Picasso, mzee wa miaka 75, aliichukua picha moja ya Velázquez ya mwaka 1656, akajifungia nayo miezi kadhaa, akaichora upya mara kwa mara mpaka ukapatikana mfululizo wa kazi 58. Hakuficha alikoitoa. Aliita kwa jina lilelile la mwenyewe, Las Meninas. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyochukua kazi ya mwenzake: anaitaja, anaivunja, anaijenga upya. Kuna wasanii wa Bongo wanaoamka kila siku wakituhumiwa kuiba biti, majibu yao ni povu tupu. Chumba kile kingewafundisha kwa saa moja.

Na mzigo huo wote wa kazi 58 aliutoa bure kwa jiji mwaka 1968, kwa kumbukumbu ya rafiki yake Jaume Sabartés, aliyekuwa amefariki mwaka huohuo. Yeye mwenyewe alikuwa Ufaransa, hakukanyaga tena Hispania kwa sababu alimpinga Jenerali Franco. Ndiyo maana hata ilipofunguliwa, makumbusho haikupewa jina lake, ilipewa la Sabartés. Mtu kautumia jiji zawadi asiyoweza kuja kuitazama. Hiyo ni stori ya mapenzi na urafiki kuliko tamthilia nyingi zinazolizwa machozi hapa mjini.

Lakini kinachouma zaidi ni hiki. Mwaka 1907 Picasso aliingia makumbusho ya Trocadéro kule Paris na kukutana na vinyago vya Afrika. Mwaka huohuo alimaliza picha ya wanawake watano, wawili wakiwa na nyuso kama vinyago. Leo picha hiyo iko New York, inaitwa Les Demoiselles d'Avignon, na Avignon hiyo inaelezwa kuwa ni mtaa wa Avinyó, uliopo Barcelona hiyohiyo, mwendo wa miguu kutoka alipoegemea dada. Uchoraji wa karne nzima uligeuka kutokana na kazi za mafundi wa Kiafrika ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika. Maana yake ni kwamba Picasso aliingia makumbusho kuangalia kazi za Waafrika. Staa wa Kiafrika akashindwa kuingia makumbusho kuangalia kazi za Picasso. Nani hapo mshamba?

Na bado. Mtaa huohuo wa Montcada, karibu kabisa na Museu Picasso, kuna Makumbusho ya Tamaduni za Dunia, iliyofunguliwa mwaka 2015. Ndani kuna sanaa za Afrika, Asia, Amerika na Oceania. Dada alikuwa kati ya milango miwili, mmoja una mchoraji aliyejifunza kwa Afrika, mwingine una Afrika yenyewe. Akachagua ukuta.

Si yeye peke yake. Kuna msanii wa kiume, naye jina kapuni, aliwahi kwenda kushuti video kwenye uwanja ulio mbele ya MACBA, makumbusho ya sanaa ya kisasa mtaa wa Raval. Jengo jeupe la mwaka 1995 lililochorwa na Richard Meier, na nje vijana wa ubao wa magurudumu wanaruka kutwa nzima. Video ikatoka kali, hilo lisemwe. Ila jamaa alikaa pale mchana kutwa, kabadilisha nguo mara nne, na hakuna hata sekunde moja aliyovuka mlango wa kioo. Huyo ndiye anayelalamika kila akihojiwa kwamba Watanzania hawathamini sanaa. Kaka, sanaa ya wenzako ilikuwa mita ishirini, ukaifanya pazia.

Mashabiki wake watasema hakuna muda. Muda upo. Foleni ya duka la mabegi ilikuwa ndefu, na wameipiga picha wenyewe. Watasema ni gharama. Museu Picasso na MNAC zina saa za kuingia bure, ikiwemo Jumapili ya kwanza ya mwezi, ni kuwahi nafasi kwa intaneti tu. Pesa ya begi moja ingeingiza ukoo mzima, na chenji ingebaki.

Kuna wanaosema makumbusho ni mambo ya Wazungu. Hao wapande mlima wa Montjuïc, kwenye lile jumba kubwa lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1929. Ndimo ilimo MNAC, makumbusho ya sanaa ya Wakatalani. Kuna kuta za makanisa madogo ya milimani Pyrenees, zilizochorwa karne ya 12. Zimefikaje mjini? Mwanzoni mwa karne iliyopita wanunuzi walianza kuzinyemelea, na michoro ya kanisa moja la Mur ikauzwa, leo iko Boston, Marekani. Wakatalani wakashtuka. Kati ya mwaka 1919 na 1923 wakawaleta mafundi wa Kiitaliano, wakapaka gundi, wakabandika vitambaa, wakabandua rangi ukutani kama ngozi, wakakunja na kuzishusha bondeni kwa nyumbu. Ule mchoro wa Kristo kutoka Taüll, wenye macho makubwa yanayokufuata kila unakokwenda, ulifika Barcelona kwa njia hiyo.

Hilo si jambo la Wazungu. Ni jambo la watu waliogundua kwamba usipokithamini chako, mwenye pesa atakithamini kwa niaba yako, na atakwenda nacho. Waafrika wanalijua hilo kuliko yeyote. Wengine wanasema hawaingii makumbusho za Ulaya kwa sababu zina mali za Afrika. Hoja ina uzito, maana Guinea ya Ikweta ilikuwa koloni la Hispania hadi mwaka 1968, na vitu vya makoloni havikusafiri kwa hiari siku zote. Lakini mwenye hoja hiyo anaingia, anasoma kibandiko, anauliza kitu hiki kimefikaje hapa. Hasimami nje na miwani. Huwezi kudai usichokijua.

Haki itendeke pia. Yupo mchekeshaji mmoja ambaye mwaka huohuo alipita Barcelona kimyakimya. Alikwenda Fundació Joan Miró, ilioko hukohuko Montjuïc, iliyofunguliwa mwaka 1975 katika jengo jeupe la rafiki yake Miró, Josep Lluís Sert. Akatupia picha nne, na mistari mitatu akieleza jinsi Miró alivyochora nyota, ndege na wanawake kama mtoto anayejua anachofanya. Alipata laiki chache kuliko zile za mabegi. Kwa hiyo mashabiki nao wasijitoe. Mastaa wanapika kile kinacholiwa.

Kwa anayejiandaa kwenda, siku moja inatosha kuanza. Asubuhi Museu Picasso, tiketi ikatwe mapema. Mchana metro hadi kituo cha Espanya, panda ngazi hadi MNAC, ukichoka jiji lote liko chini yako na picha ya mandhari ni ya bure. Kutoka hapo hadi kwa Miró ni mwendo wa miguu. Jumatatu usijisumbue, zote tatu zinafungwa. MACBA inafungwa Jumanne. Jioni rudi Barceloneta, kaa mchangani, kula paella. Bahari haihami.

Na asiye na nauli ya Barcelona asidhani haya hayamhusu. Dar nzima ukimwambia mtu Makumbusho, anajua kituo cha daladala. Ni wangapi waliowahi kuingia kwenye hicho Kijiji cha Makumbusho kilichotoa jina, wakaona nyumba za makabila? Wangapi wamekwenda Makumbusho ya Taifa kule Posta? Mastaa wenye wafuasi kwa mamilioni wangepiga picha mbili tu pale, wiki inayofuata geti lingekuwa na foleni ya vijana. Nguvu hiyo wanayo. Wameitumia kuuza sabuni, nywele na mikeka ya kubeti.

Dada wa viatu bado ana nafasi. Picha ya Montcada ipo, haijafutwa, inaendelea kukusanya mioyo. Kilichofutwa ni swali. Yule kijana wa bajaji hakuomba pesa, hakuomba namba ya simu, hakuomba hata salamu. Aliuliza picha zikoje ukiziona kwa macho. Mtu aliyekuwa hatua chache kutoka kwenye jibu alimcheka, kwa sababu kusema sikuingia kulikuwa kugumu kuliko kumdhalilisha.

Ndege za Barcelona zipo kila siku. Safari ijayo aingie. Halafu arudi kwenye picha ileile, amtafute kijana kwa jina, amjibu.