Elfu Ishirini na Nne Zao na Zetu

Mpwa wangu afanyaye kazi Dubai alinipigia simu majuzi akaniuliza, "Mjomba, mbona huombi viza ya wastaafu uje upumzike huku, uyaepuke mafuriko ya Tana?" Nikamtaka anieleze masharti. Mpango huo ulipozinduliwa mwaka 2020, mwombaji alitakiwa awe ametimiza miaka 55, tena awe na kipato cha dirham 20,000 kwa mwezi au akiba ya dirham milioni moja. Sisi wazee wa Ndera, tunaoishi kwa maembe, ndizi na mahindi pale mto unapotujalia, miaka tunayo.

Simlaumu mwenye Dubai. Kila nchi huchagua wageni wake, na yetu pia. Kanuni za uhamiaji za Kenya za mwaka 2012 ziliweka kibali cha daraja la K kwa mgeni atakaye kuishi nchini bila kuajiriwa, nacho huwafaa sana wastaafu wa Ulaya wanaopendelea Malindi na Watamu. Awe na umri usiopungua miaka 35 (huyo kwetu bado ni kijana wa jembe) na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Serikali iyo hiyo, kupitia mpango wa Inua Jamii, humpa mzee wa miaka 70 asiye na pensheni shilingi 2,000 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 12, utapata shilingi 24,000. Tarakimu ni zile zile, sarafu ndiyo mbali. Kwa kima cha shilingi 130 hivi kwa dola, mgeni haruhusiwi kuzeekea hapa pasipo shilingi milioni tatu kwa mwaka, ilhali mwenyeji hupewa kisichofika hata sehemu moja katika mia ya hizo.

Nitaambiwa kwamba mgeni hula chake na mzee hula cha mlipa kodi. Ni kweli, wala sidai walingane. Lakini mzee huyo naye alilipa kodi katika kila kibaba cha sukari alichonunua Garsen tangu ujana wake. Kiwango cha shilingi 2,000 kimesimama miaka mingi, huku bei ya unga ikipanda. Na hata hizo huchelewa, zikalimbikizana kwa miezi, na zikifika sehemu yake huliwa na nauli ya kuzifuata.

Wabunge wetu wanapojadili bajeti, nawaomba wakifunganishe kiwango hicho na bei ya chakula, na malipo yawe na tarehe ijulikanayo.

Mpwa wangu nimemjibu kwamba sendi. Maji yakipanda tena, nitahamia mahali pa juu na mikeka yangu, kama tulivyofanya mwaka 2018.